Nyumba iko benki, kausha damu wanapiga simu: je, nijitangaze mufilisi?

SWALI: Shikamooni. Nauza mchele Soko la Mwanjelwa, Mbeya. Nilichukua mkopo benki kwa dhamana ya nyumba tunayoishi Uyole, na mume wangu alisaini. Zimebaki milioni 38. Sijalipa marejesho ya miezi minne, na wiki tatu zilizopita nililetewa notisi ya siku 60. Kuziba pengo nikaingia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Mmoja alinipa milioni 6 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na huu ni mwezi wa nane nalipa riba tu. Wa pili alinipa milioni 4, ameshika kadi ya kirikuu changu (gari dogo la mizigo) na kunisainisha karatasi ya mauziano. Wakulima watatu wa Ubaruku wananidai milioni 11 za mpunga. TRA milioni 2.4. Kikoba milioni 3, na dada yangu ndiye mdhamini. Mimi nawadai wateja milioni 5.2. Mthamini alisema nyumba inafika milioni 65, na kirikuu ni kama milioni 7. Shemeji yangu anasema nitafute mwanasheria nijitangaze mufilisi mahakamani, madeni yote yafe na nyumba ipone, ila kwanza niandikishe kirikuu kwa jina la mdogo wangu. Mkopeshaji mmoja anasema atanifunga. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada. Pole, maana madeni sita ya aina tofauti yakikufuata kwa wakati mmoja hata usingizi unakataa. Tuanze na lile la kirikuu kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza wiki hii hii: usiandikishe gari kwa jina la mtu yeyote. Tutaeleza sababu mbele. Na nyumba ya Uyole, kwa kuwa imewekwa rehani, haitaokolewa na ufilisi. Shemeji yako ana nia njema lakini amechanganya mambo mawili.

Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, inamruhusu mtu binafsi asiyeweza kulipa madeni yake kupeleka ombi Mahakama Kuu yeye mwenyewe. Mahakama ikikubali hutoa amri ya kupokea mali. Kuanzia hapo mali zako zinakuwa chini ya ofisa wa serikali wa ufilisi, kazi ambayo iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadai wa kawaida hawawezi tena kukushtaki au kuendelea na kesi za madeni hayo bila ruhusa ya mahakama. Hapo ndipo shemeji yako yuko sahihi: simu za vitisho na kesi za mmoja mmoja husimama, na kila mdai anapanga foleni. Ila mdai mwenye dhamana hapangi foleni. Benki iliyoandikisha rehani kwenye hati yako inabaki na haki yake ya kuuza nyumba hata baada ya amri hiyo. Milioni 38 kati ya milioni 64.4 unazodaiwa ziko nje ya kinga unayoifikiria.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi, na tunaliandika kwa ajili ya wasomaji ambao nyumba zao hazina rehani. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kinazuia kukamatwa kwa nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake pale mdai wa kawaida anapokaza hukumu, yaani anapotekeleza hukumu aliyoshinda. Hicho hicho kinalinda nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, vifaa vya fundi na zana za mkulima. Ukijitangaza mufilisi, orodha ya vitu visivyoguswa inakuwa nyembamba zaidi: vifaa vya kazi, nguo na matandiko, tena kwa kiwango maalumu. Mwenye nyumba huru anayekimbilia ufilisi anaweza kuiingiza kwenye kapu nyumba ambayo wadai wake wasingeigusa. Mtu wa Mafinga au Tukuyu aliye na madeni ya dukani tu na nyumba isiyo na rehani amuulize wakili swali hili kabla ya lingine lolote.

Sasa tuje kwenye hesabu zako. Unadaiwa 64,400,000. Unazo nyumba ya milioni 65, kirikuu cha milioni 7, na madeni ya wateja milioni 5.2 ambayo tuseme kwa uhalisia utakusanya 3. Jumla ni milioni 75. Umekwama kwa sababu fedha ya mkononi haipo, lakini mali bado inazidi deni. Mahakama hupima kama aliyeleta ombi kweli hawezi kulipa na kama amekuja kwa nia njema. Mtu mwenye mali inayozidi madeni atakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwa nini hakuuza mwenyewe. Kwa hiyo ombi la ufilisi kwako ni mlango wa mwisho kabisa. Mlango wa kwanza uko benki, na una muda wake.

Chukua hiyo notisi uisome taratibu. Inatakiwa ionyeshe umekiuka nini, kiasi unachotakiwa kulipa ili kurekebisha, na kwamba siku 60 zikipita bila kulipa benki itatumia haki zake, ikiwemo kuuza. Siku zinahesabiwa tangu ulipopokea, kwa hiyo tafuta nakala uliyosaini, tazama tarehe iliyo pembeni ya sahihi yako, uihesabu kwenye kalenda. Kama ni wiki tatu kamili umebakiwa na siku 39. Linganisha pia kiasi cha malimbikizo na taarifa ya akaunti ya mkopo, mstari kwa mstari. Mara nyingi kuna malipo yaliyoingizwa kwenye adhabu badala ya mkopo, au bima iliyokatwa mara mbili, na makosa hayo wakili anayatumia mezani.

Siku hizo zikiisha benki itampa kazi dalali mwenye leseni. Kwa mnada wa ardhi, Sheria ya Madalali inataka tangazo la angalau siku 14 kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mnada. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka muuzaji wa rehani apate bei nzuri inayoweza kupatikana kwa wakati huo. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya soko ya nyumba zinazofanana nayo, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu huo, na ni juu ya benki kuthibitisha vinginevyo. Kwa nyumba ya milioni 65 mpaka huo ni milioni 48.75. Ndiyo maana ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, yenye mhuri na tarehe ya karibuni, ina thamani kwako kuliko maneno ya jirani. Kama aliyekupa hiyo milioni 65 ni dalali wa mtaani, tafuta mthamini halisi.

Lakini usikae ukisubiri mnada uharibike. Tuseme inauzwa milioni 50, juu kidogo ya mpaka huo. Benki inachukua 38 na malimbikizo yake, dalali anakata gharama zake, unabaki na milioni chache na madeni ya milioni 26.4 yanayokusubiri mlangoni. Ukiuza mwenyewe kwa 65, baada ya benki unabaki na kama milioni 27 kabla ya kodi na gharama, na madeni mengine yote ni 26.4. Tofauti ya milioni 15 kati ya njia hizi mbili ndiyo inayoamua kama utatoka hapa ukiwa huru au ukiwa bado mdaiwa.

Tunajua kumwambia mtu auze nyumba anayolala na wanawe ni neno zito. Ndiyo maana jaribio la kwanza ni kupanga upya mkopo. Peleka barua kwa meneja wa tawi ndani ya wiki hii, kupitia wakili au wewe mwenyewe ukiwa na nakala ya kugongewa mhuri wa kupokelewa. Usiandike “naomba mnisaidie” peke yake. Andika mchele unaouza kwa mwezi, faida kwa gunia, na miezi unayopata fedha. Mavuno ya Usangu yanashuka sokoni kuanzia Mei hadi Julai, bei inapanda kuelekea mwisho wa mwaka. Mfanyabiashara wa mchele anayelipa marejesho sawa kila mwezi mwaka mzima lazima akwame katikati. Omba muda wa mkopo urefushwe na marejesho yafuate msimu. Ambatanisha malipo ya kuanzia hata kama ni kidogo. Barua yenye milioni 1 iliyokwisha kuingizwa kwenye akaunti husomwa kwa jicho jingine.

Hata hivyo tukuambie ukweli. Kama faida yako ya mwezi, ukishatoa matumizi ya nyumbani, haifiki rejesho jipya, kupanga upya kutakuongezea deni tu. Hapo uza. Mauzo ya nyumba yenye rehani yanakwenda hivi: unaomba benki barua ya salio la kumaliza mkopo, ikitaja tarehe ya mwisho wa kutumika kwake. Wakili anaandaa mkataba wa pande tatu, wewe, mnunuzi na benki. Fedha ya mnunuzi inaingia kwanza moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, benki inatoa hati pamoja na nyaraka za kufuta rehani, kisha zinasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kinachobaki kinaingia kwako. Mume wako atasaini ridhaa tena, kama alivyosaini wakati wa kukopa. Kodi ya ongezeko la mtaji inashughulikiwa TRA kabla ya kuhamisha umiliki, na wakili aangalie unafuu uliopo kwa nyumba ambayo mwenyewe aliishi. Kinachovuruga mauzo haya ni mnunuzi kumkabidhi muuzaji malipo ya awali mkononi, muuzaji akayagawa kwa wadai wanaopiga kelele, halafu salio la benki likakosa kutimia. Usiguse shilingi ya mnunuzi kabla benki haijamaliziwa.

Ukimpata mnunuzi wa kweli ndani ya zile siku 39, benki nyingi hukubali kusogeza mbele mnada kwa barua, maana hazipendi minada zaidi ya wewe usivyoipenda. Kesi ya kuomba zuio la mnada ina nafasi pale tu penye dosari ya kweli: notisi haikukufikia, mwenzi hakuridhia, hesabu si sahihi. Kwako mume alisaini na notisi umeipokea. Kesi ya kununua muda itakula fedha uliyotakiwa kulipa.

Sasa kausha damu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu au kampuni inayokopesha bila kupokea amana, ile inayoitwa daraja la pili, lazima iwe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na kikomo cha riba kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Weka hilo kwenye mkopo wako wa milioni 6. Yeye anakutoza 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kikomo ingekuwa 210,000. Kwa miezi 8 umelipa 9,600,000. Kwa kikomo, riba ya miezi 8 ni 1,680,000, ukijumlisha na mtaji inakuwa 7,680,000. Umeshalipa zaidi ya hapo kwa 1,920,000, na bado anakuambia mtaji haujaguswa.

Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi moja, tarehe, kiasi, namba ya muamala wa simu au risiti, mwezi kwa mwezi. Ndiyo silaha yako. Wakili ataiambatanisha na barua ya kumtaka mkopeshaji aonyeshe leseni na mkataba, na kufunga hesabu. Asipojibu, malalamiko yanakwenda Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya. Utaratibu ni kuanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu ukiwa na ushahidi kwamba ulianza kwake. Kama hana leseni kabisa, anafanya biashara kinyume cha sheria, na mara nyingi akiona barua ya wakili yenye mahesabu hayo sauti yake hubadilika. Hatusemi deni lake limefutika lenyewe. Tunasema usimlipe shilingi nyingine ya riba kabla ya hesabu hiyo kupita mezani, na usimlipe kwa mkono bila maandishi.

Huyu wa pili mwenye kadi ya kirikuu: karatasi ya mauziano iliyosainiwa ili kuficha mkopo inaweza kupingwa ukionyesha kwamba fedha ilikuwa ya kukopeshwa. Ushahidi ni muamala wa milioni 4 kwa gari la milioni 7, marejesho uliyoanza kulipa, ujumbe wa simu anaokuambia “rejesho lako limechelewa”. Muuzaji wa gari hadaiwi marejesho. Piga picha jumbe hizo leo, uzitume pia kwenye simu ya mtu unayemwamini, maana simu hupotea. Akija na vijana kulichukua gari bila amri ya mahakama, usipigane. Chukua majina, toa taarifa polisi na mpigie wakili.

Na kuhusu kufungwa. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Polisi si wakusanya madeni, na ukiitwa kituoni nenda na wakili, sema wazi kwamba ni mkopo. Jambo linakuwa jinai pale ulipodanganya ili upate fedha, kwa mfano kuweka dhamana gari lile lile kwa watu wawili au kutoa hati ya bandia. Kipo kifungo cha madai, lakini mdai lazima kwanza ashinde kesi, aombe ukazaji, mahakama ikuite ujieleze kwa nini hujalipa, na yeye alipe gharama za kukutunza huko gerezani. Hakizidi miezi 6, na deni linabaki pale pale. Mahakama hukielekeza kwa mtu anayeficha mali kuliko asiyenayo. Ukishahukumiwa kulipa, unaweza pia kuiomba mahakama ikuruhusu kulipa deni kwa awamu. Peleka ombi hilo mapema likiwa na kiasi unachokiweza, siyo siku dalali wa mahakama amefika getini.

Wakulima wa Ubaruku ndio tunaowaonea huruma zaidi kwenye orodha yako. Hawana dhamana wala riba, na milioni 11 hiyo pengine ndiyo mbolea yao ya msimu ujao. Waite pamoja watatu, siyo mmoja mmoja, uwape maandishi ya deni la kila mmoja na tarehe za kulipa zinazofungamana na mauzo ya nyumba au ya mchele. TRA nayo usiikimbie: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu kuomba kulipa kwa awamu, na kodi ni kati ya madeni yanayotangulia mengine ya kawaida hata ukiingia kwenye ufilisi.

Tuseme basi yote yameshindikana. Mnunuzi hakupatikana, nyumba imeuzwa mnadani kwa bei ya chini, na umebaki na milioni 20 na kitu za madeni, huna kingine ila kirikuu. Hapo ombi la ufilisi lina maana, na ndipo wakili anakuwa wa lazima.

Hakikisha ni wakili. Mjini Mbeya, kama kila mji wenye mahakama kubwa, kuna vishoka, yaani mawakili bandia, wanaokaa na mihuri kwenye vibanda vya kuchapa. Jina la wakili liangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Hapo utaona kama ana leseni hai ya mwaka huu. Makubaliano ya ada yawe ya maandishi, yakieleza ada inahusu hatua zipi: kuandaa ombi tu, au hadi mkutano wa wadai na kuhojiwa. Ada za mahakama zinalipwa kwa kontrol namba ya serikali. Anayekuambia utume ada ya mahakama kwenye namba yake binafsi ya simu, muage. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inasimamia watoa msaada bila malipo, na dawati la msaada wa kisheria halmashauri au ofisi ya Chama cha Mawakili Tanganyika watakuelekeza. Uliza pia moja kwa moja: “Umewahi kushughulikia ombi la ufilisi wa mtu binafsi?” Wengi wamefanya kesi za ardhi na mirathi na hawajawahi kuligusa hili. Si aibu kwake kusema hapana, lakini ni vema ujue.

Siku ya kwanza nenda na taarifa za benki na za miamala ya simu za miezi 12 au zaidi, mikataba yote, notisi, hati au nakala yake, kadi ya gari, cheti cha ndoa, nyaraka za TRA, na daftari la mauzo. Daftari hilo usilidharau hata kama limechakaa kwa vumbi la pumba. Mfanyabiashara asiye na kumbukumbu za hesabu anaanza vibaya mbele ya mahakama, na mwishoni, anapoomba kuachiliwa, kukosa daftari ni moja ya sababu za kumkatalia au kumcheleweshea. Nyingine ni kuendelea kukopa na kufanya biashara huku akijua hawezi kulipa, na kupoteza fedha kwenye kamari, ambayo siku hizi husomeka waziwazi kwenye taarifa ya simu ya mtu anayebeti.

Ombi linapelekwa Mahakama Kuu, kwako ni Masijala Ndogo ya Mbeya, kwa mfumo wa kielektroniki. Linaambatana na kiapo na taarifa ya mali na madeni. Taarifa hiyo ndiyo moyo wa shauri zima. Andika kila mdai: jina, anuani, kiasi, lini, kwa nini, ana dhamana gani. Watu husahau mikopo midogo ya kwenye simu, deni la ada ya shule, pango la ghala, na udhamini walioweka kwa wengine. Andika pia wanaokudai ambao usingependa wajulikane, hata mama mkwe. Kila mali: gari, kiwanja cha urithi kijijini, ng'ombe, hisa, akiba ya kikoba, madeni ya wateja. Amri ikitoka sheria inakupa siku chache tu za kukabidhi taarifa kamili kwa ofisa, kwa hiyo iandaliwe kabla ya kufungua. Na ukishafungua huwezi kuliondoa ombi bila ruhusa ya mahakama, kwa hiyo lisipelekwe kama jaribio.

Amri hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Majirani watajua, jiandae na uiandae familia. Kisha unafanyika mkutano wa wadai, na baadaye unahojiwa hadharani mahakamani chini ya kiapo: fedha zilikwenda wapi, kwa nini ulikopa huku hulipi kule, gari liko wapi. Wadai wana haki ya kuuliza. Wakili anakuandaa kwa siku hii kuliko nyingine zote. Kwenye mkutano unaweza kupendekeza maridhiano, mathalani kulipa nusu ya kila deni kwa miaka mitatu. Yakikubaliwa na wadai walio wengi kwa idadi, wanaobeba robo tatu ya thamani ya madeni yaliyothibitishwa, na mahakama ikayapitisha, yanawafunga hata waliokataa. Kwa mtu kama wewe, mwenye biashara inayozunguka, hili ndilo lengo la kulenga. Yasipokubaliwa mahakama inakutamka mufilisi, mali inauzwa, wadai wanagawana.

Kuwa mufilisi hakuishi kwenyewe baada ya miaka fulani. Lazima uombe mahakama ikuachilie, nayo itaangalia mwenendo wako. Hadi hapo huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na kukopa kiasi kinachozidi kilichowekwa na sheria bila kumwambia mkopeshaji kwamba wewe ni mufilisi ni kosa. Hata ukiachiliwa, deni lililotokana na udanganyifu halifutiki, wala madai ya kodi hayafutiki hivi hivi.

Turudi kwenye kirikuu. Mali uliyompa ndugu bila malipo kabla ya ufilisi inaweza kurudishwa kwenye kapu, na sheria inatazama nyuma kwa miaka, siyo wiki. Kulipa mdai mmoja unayempenda siku za mwisho huku wengine ukiwaacha nako kunabatilishwa, na aliyelipwa anadaiwa azirudishe. Kuficha mali ni jinai yenye kifungo. Mdogo wako ataitwa kutoa ushahidi, ataulizwa alilipa shilingi ngapi na kwa akaunti ipi, na jibu lake litaharibu ombi lako lote, hata kwa yale uliyosema kweli. Ukitaka kuuza kirikuu, kiuze kwa mtu baki, kwa bei ya soko, fedha ipite benki, na risiti itunzwe. Lakini malizana kwanza na yule aliyeshika kadi.

Limebaki la dada yako. Ufilisi wako haumwachilii mdhamini. Amri ikitoka leo, kikoba kitageukia kwake kesho kudai milioni 3. Kwa hiyo mwambie sasa, kabla hajasikia kwa mwenyekiti, na kama nyumba itauzwa vizuri, wakili aliweke deni la kikoba kwenye mpango wa malipo pamoja na mengine kwa tarehe inayojulikana. Kikoba nacho kiombwe kwa maandishi kisitishe faini hadi tarehe hiyo.

Kwa wiki hii basi: Jumatatu barua ya benki, taarifa ya akaunti na ombi la salio la kumaliza, Jumanne wakili na ile karatasi ya hesabu za riba, kabla ya Ijumaa mthamini awe ameshafika Uyole. Na mzigo mpya wa mchele kwa mkopo, hata mkulima akikubembeleza uuchukue, uache kwanza.